Muhali Haulindi Mtaa

Kila panapotokea wizi katika mitaa ya mji wetu, au katika vijiji vya Unguja na Pemba, swali la kwanza linalosikika barazani ni moja: polisi wako wapi? Swali hilo ni la haki. Raia anayelipa kodi, anayetii sheria na anayefunga mlango wake usiku kwa kuitegemea Serikali, ana haki kamili ya kuuliza wako wapi waliokabidhiwa dhamana ya kumlinda. Lakini kwa maoni yetu hilo ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili, ambayo hatupendi kuiuliza kwa sababu jawabu lake linatugusa sisi wenyewe, ni hii: shahidi yuko wapi?

Leo tunataka kulizungumza jambo hili kwa uwazi. Hatukusudii kuwalaumu wananchi ili polisi wapumue, wala hatukusudii kuwalaumu polisi ili wananchi wafurahi. Tunachokusudia ni kuonyesha kwamba msaada unaokosekana zaidi katika vita dhidi ya uhalifu wa mitaani si rungu wala doria. Ni ushahidi. Na kinachouzuia ushahidi usitoke, mara nyingi, ni kitu ambacho sisi watu wa Visiwani tunakijua vyema na hata tumekipa heshima ya mila. Kitu hicho ni muhali.

Tuanze na hali ilivyo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu laki tano na themanini katika muda wa miaka kumi. Na tukitazama wapi watu hao wameongezeka, tutaona kwamba Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulitoka watu 593,678 ukafikia 893,169. Kwa maneno mengine, katika kila watu wawili walioongezeka Zanzibar, mmoja yumo katika mkoa huo mmoja.

Takwimu hizi zina maana kubwa kwa usalama. Mtaa wa zamani wa Ng'ambo ulijilinda wenyewe bila ya kujua kwamba unajilinda. Nyumba zilikuwa na baraza za nje, wazee wakikaa pale asubuhi na jioni, wanawake wakipeana habari kwa dirisha, watoto wakicheza kichochoroni. Mgeni alipoingia alisalimiwa, na katika kusalimiwa huko akaulizwa anatoka wapi na anakwenda kwa nani. Mwizi hapendi kuulizwa maswali hayo. Leo mji umesambaa hadi Fuoni, Tomondo, Kisauni na Chukwani. Nyumba nyingi mpya zina ukuta mrefu na geti la chuma, lakini hazina baraza. Mtu anaweza kuishi mwaka mzima asijue jina la jirani yake wa ukuta wa pili. Ukuta humzuia mwizi asiingie upesi, lakini akishaingia, ukuta ule ule humficha asionekane na wapita njia.

Hatusemi kwamba tubomoe kuta. Tunasema kwamba ile kazi iliyokuwa ikifanywa na baraza bila ya mpango, sasa haina budi kufanywa kwa mpango.

Mpango wa namna hiyo uliwahi kuwepo. Tangu Chama cha Mapinduzi kilipozaliwa tarehe 5 Februari, 1977, shina la nyumba kumi lilikuwa ndio msingi wa uongozi kutoka chini. Balozi wa nyumba kumi aliwajua watu wake kwa majina. Alijua nani ana mgeni, nani amesafiri, na kijana yupi amebadilika tabia. Mwaka 1992, nchi yetu ilipoingia katika mfumo wa vyama vingi, balozi alibaki kuwa kiongozi wa wanachama wa chama chake, si wa kila mkaazi wa nyumba zile kumi. Hilo lilikuwa jambo la lazima katika mfumo mpya, kwani haingekuwa haki kumtaka mtu wa chama kimoja aripoti mambo ya nyumba yake kwa kiongozi wa chama kingine. Lakini kazi ya ulinzi iliyokuwa mabegani mwa balozi haikukabidhiwa kwa mtu mwengine mara moja, na hapo ndipo palipobaki pengo baina ya nyumba na dola.

Serikali haikukaa kimya. Sheha, ambaye cheo chake kimewekwa katika sheria za tawala za mikoa, ile ya mwaka 1998 na ile iliyofuata ya mwaka 2014, ndiye mwakilishi wa Serikali aliye karibu zaidi na mwananchi. Upande wa polisi, tangu mwaka 2006 Jeshi la Polisi lilianza kueneza dhana ya polisi jamii na ulinzi shirikishi, na katika miaka ya karibuni limewapeleka wakaguzi wake katika kata za Tanzania Bara na katika shehia za kwetu. Hatua hizo ni njema na tunaziunga mkono. Hata hivyo, sheha mmoja hawezi kuwa na macho elfu moja, na mkaguzi mmoja wa polisi hawezi kulala katika kila mtaa. Mfumo wowote tutakaouweka utategemea mtu wa nyumba ya jirani aseme alichokiona.

Hebu tutazame safari ya kesi moja ya kawaida, ili tuone ni wapi inapokufa. Nyumba imevunjwa usiku, vimechukuliwa televisheni, mtungi wa gesi na fedha kidogo. Mwenye nyumba anakwenda kituoni, jalada linafunguliwa, maelezo yake yanaandikwa. Askari wanafika mtaani kupeleleza. Watu watatu walimwona kijana fulani alfajiri akiwa amebeba kitu kilichofunikwa shuka. Wanamjua kwa jina na kwa baba yake. Askari anauliza, mmoja anasema alikuwa amelala, wa pili anasema hakumtambua vizuri, wa tatu anasema ukweli lakini anaomba jina lake lisiandikwe. Kijana anakamatwa kwa kushukiwa. Jalada linapelekwa katika Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Kesi ikifika mahakamani, siku ya ushahidi shahidi hakutokea. Inaahirishwa. Siku ya pili hakutokea tena. Mwisho kijana anaachiwa, anarudi mtaani, anapita mbele ya baraza ile ile akitembea polepole.

Hapo ndipo barazani husemwa: "Polisi wamekula rushwa." Inawezekana katika baadhi ya kesi maneno hayo ni kweli, na tutalizungumza hilo mbele. Lakini mara ngapi kesi hufa si kwa sababu hakimu alinunuliwa au askari alihongwa, bali kwa sababu sisi watatu tulioona hatukwenda? Mahakama haiwezi kumtia mtu hatiani kwa uvumi wa mtaa. Sheria inataka kosa lithibitishwe pasi na kuacha shaka ya maana, na Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kama ile ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, inamhesabu kila mtuhumiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike vyenginevyo. Kanuni hiyo inamlinda kila mmoja wetu, na hatuna haki ya kuilaumu siku inapomlinda yule tuliyekataa kumtolea ushahidi.

Kwa nini basi watu hawaendi? Wengine wanachelea kupoteza siku ya kazi. Wengine wana khofu ya kulipiziwa kisasi. Lakini sababu inayotajwa zaidi, na inayotajwa bila ya aibu, ni muhali. Mtu husema: "Yule ni mtoto wa fulani, tumesoma chuo kimoja na baba yake, nitamtazamaje usoni?" Au husema: "Tumeoleana, tukenda mahakamani ukoo utavunjika." Visiwa vyetu ni vidogo, damu zimechanganyika, na kila mtu ni jamaa wa mtu. Muhali ulizaliwa katika mazingira hayo, na kwa asili yake si kitu kibaya. Ni ile haya ya kutotaka kumfedhehesha mwenzio, ni ule upole uliowawezesha watu wa asili mbalimbali kukaa pamoja katika vichochoro vyembamba kwa karne nyingi. Lakini kila dawa ina kipimo chake. Muhali unaomzuia mtu kumkaripia jirani kwa neno dogo ni ustaarabu. Muhali unaomzuia kumtaja mwizi umekuwa pazia la mhalifu.

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia, hulia yeye. Kijana aliyeiba kuku akasamehewa kwa muhali, ataiba mbuzi. Akisamehewa mbuzi, ataiba ng'ombe wa mjane. Kule Pemba, mkulima huchuma karafuu zake kwa jasho, akazianika kwa siku kadhaa, na usiku mmoja mwizi akaja akabeba alichokianika. Huko mashamba ya Unguja mkulima hulima mihogo na migomba, ikakomaa mikononi mwa mtu mwengine. Mkulima akiibiwa mara mbili na tatu, naye anajua kwamba kijiji kizima kinamjua mwizi na kimenyamaza, huacha kulima. Hasara hiyo haiandikwi katika jalada lolote la polisi, lakini inaonekana sokoni Darajani, Mwanakwerekwe na Chake Chake, kwa bei ya vyakula.

Kuna sura nyengine ya muhali ambayo ni nzito zaidi, nayo ni kesi za udhalilishaji wa wanawake na watoto. Serikali ilianzisha mahakama maalumu za kesi hizo mwaka 2021, kwa kutambua kwamba makosa haya yanahitaji kushughulikiwa kwa haraka na kwa utaratibu wake. Lakini mahakama maalumu haitafika popote ikiwa mtoto aliyedhuriwa anakatazwa na wakubwa wake kusema, kwa sababu aliyemdhuru ni ami, ni jirani mwenye heshima, au ni mtu aliyeahidi kulipa. Wazee hukutana usiku, husoma dua, hupeana mikono, na asubuhi shauri limekwisha. Tunauliza: limekwisha kwa nani? Mtoto yule amekwisha kupona? Na yule aliyefanya kitendo kile amekwisha kuacha, au amejifunza kwamba bei ya kosa lake ni kikao kimoja na bahasha moja? Suluhu ni jambo tukufu baina ya watu waliogombana kwa mpaka wa shamba. Haifai kuitwa suluhu pale ambapo mmoja wa wenye shauri ni mtoto asiyeweza kukataa.

Baadhi yetu huufunika muhali kwa vazi la dini, wakasema kwamba kusitiri aibu ya Muislamu ni jambo jema. Ni kweli kwamba dini inahimiza sitara. Lakini sisi sote tuliokaa chuoni tukahitimu msahafu tunajua kwamba Kurani Tukufu, katika Sura ya Al-Baqara, inakataza kuficha ushahidi na kuhesabu moyo wa anayeuficha kuwa na dhambi. Na katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, inawataka waumini wasimame katika uadilifu watoe ushahidi hata kama ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Hakuna nafasi ya muhali iliyoachwa hapo. Sitara ni ya mtu aliyeteleza katika jambo lake na Mola wake. Haki ya aliyeibiwa na ya aliyedhuriwa si yetu sisi kuisamehe.

Lipo pia jambo la soko la vitu vya wizi. Mwizi hali mabati, wala halali juu ya waya wa shaba. Anaiba kwa sababu anajua atauza. Ananunua nani? Ananunua mtu mwema wa mtaani anayepelekewa simu ya bei ya juu kwa robo ya bei, na asiulize risiti. Ananunua mfanyabiashara wa vyuma chakavu anayeletewa vifuniko vya mitaro na nyaya za umeme, akavipima kwenye mizani yake bila ya kutaka kujua vimetoka wapi. Sheria ya adhabu inamhesabu anayepokea mali ya wizi huku akijua kuwa ni mkosaji kama mkosaji mwengine. Mtu anayelalamika juu ya wizi mchana, na usiku akanunua simu isiyokuwa na boksi wala risiti, ni sawa na mtu anayemtilia mwizi mafuta katika taa yake.

Kwa upande wa pili, tunawaonya wale wanaodhani kwamba dawa ya polepole ya mahakama ni rungu la haraka la mtaa. Magazeti yamezoea kuandika kwamba mtu fulani ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Maneno hayo yamekuwa mepesi mdomoni kama kwamba hasira ni afisa wa Serikali mwenye mamlaka ya kuua. Si hivyo. Anayempiga mtuhumiwa hadi akafa ni muuaji, hata wakiwa watu mia moja, na hata kama aliyekufa alikuwa mwizi kweli. Na mara nyingi hawajui kama alikuwa mwizi kweli. Kelele ya "mwizi!" inaweza kupigwa na mwizi mwenyewe ili apate kukimbia.

Ndugu zetu wa Bara wametupa somo la kuzingatia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na unyang'anyi ulipozidi katika mikoa ya Shinyanga na Tabora, Wasukuma na Wanyamwezi waliunda makundi ya ulinzi yaliyojulikana kwa jina la sungusungu. Makundi hayo yalisaidia sana kuupunguza wizi wa mifugo, na viongozi wa taifa waliyasifu. Lakini pale ambapo hapakuwa na sheria ya kuyaongoza, baadhi yao yalipiga watu, yalitoza faini kwa matakwa yao na kuwafukuza vijijini wanawake waliotuhumiwa uchawi. Ilibidi mwaka 1989 Bunge lirekebishe sheria za mgambo ili ulinzi huo wa jadi uwe chini ya mamlaka. Somo lake ni wazi: nguvu za wananchi ni mto mkubwa, ukichimbiwa mfereji hunywesha mashamba, ukiachwa huru hubomoa nyumba za wasiokuwa na hatia.

Baada ya kusema hayo kwa wananchi, sasa tunawageukia viongozi na watendaji wa Serikali, kwani haitakuwa insafu kumtaka raia atoke mbele akiwa hana wa kumlinda nyuma.

Kwanza kabisa, siri ya mtoa habari ni amana. Mwananchi anayekwenda kwa sheha au kituoni kutoa taarifa asubuhi, halafu jioni akakutana na mtuhumiwa akamwambia, "Nimesikia umenitaja", hatarudi tena. Wala jirani yake hatakwenda, wala mtoto wake. Askari mmoja mwenye mdomo mwepesi anaharibu kazi ya askari mia moja walio waaminifu. Tunaitaka Idara ya Polisi na wakuu wa wilaya walichukulie jambo hili kuwa ni kosa kubwa la nidhamu, si utani wa kazini. Kwa upande wa Bara, Bunge lilipitisha mwaka 2015 sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Shahidi wa Unguja na Pemba naye anastahiki kuona kwa macho yake kwamba dola inamjali.

Pili, shahidi asisumbuliwe. Mvuvi wa Nungwi au mkulima wa Micheweni anayeacha kazi yake, akalipa nauli, akakaa ubaoni tangu saa mbili mpaka saa saba, kisha akaambiwa kesi imeahirishwa kwa sababu jalada halikuletwa, amefundishwa jambo moja tu: asije tena. Waendesha mashtaka, wapelelezi na makarani wa mahakama wajue kwamba kila kuahirisha kusikokuwa na sababu kunampunguzia Serikali shahidi mmoja.

Tatu, mwananchi arejeshewe khabari. Aliyetoa taarifa ana haki ya kuambiwa ilifika wapi. Ukimya wa ofisi huzaa tuhuma, na tuhuma huzaa kuvunjika moyo. Na pale ambapo kweli askari amepokea rushwa ili kumwachia mhalifu, achukuliwe hatua na mtaa ujue kwamba amechukuliwa hatua.

Nne, hapana budi mamlaka mbili zishikane mikono. Polisi ni katika mambo ya Muungano, na sheha ni mteuliwa wa Mkuu wa Mkoa katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Mpangilio huo una sababu zake na hatuna ugomvi nao. Lakini mwananchi aliyeibiwa hapaswi kuwa mpira, sheha akimpeleka kituoni, na kituo kikimrejesha kwa sheha akachukue barua. Kila shehia iwe na kikao cha mara kwa mara baina ya sheha, mkaguzi wa polisi, walimu wa skuli, maimamu na wawakilishi wa wanawake na vijana, na kikao hicho kiwe cha kusikiliza, si cha kutoa hotuba.

Na hapa tunataka kusema neno moja ambalo linahitaji ujasiri kwa upande wetu pia. Ulinzi wa mtaa usivalishwe rangi ya chama chochote. Sisi tunaoamini siasa ya Chama cha Mapinduzi tunapaswa kuwa wa kwanza kulisema hili. Katika miaka iliyofuata uchaguzi wa mwaka 1995, visiwa hivi vilishuhudia majirani wakisusiana maduka na hata mazishi kwa sababu ya siasa. Maridhiano yaliyopelekea kura ya maoni ya tarehe 31 Julai, 2010 na Serikali ya Umoja wa Kitaifa yalikuja baada ya sote kuonja uchungu wa mgawanyiko ule. Kundi la ulinzi shirikishi likionekana mtaani kuwa ni kundi la upande mmoja, nusu ya mtaa itafunga madirisha, na dirisha lililofungwa halioni kitu. Mwizi haulizi kadi ya chama kabla ya kuvunja mlango. Basi na sisi tusiulize kadi kabla ya kumwitikia jirani anayepiga kelele ya kuomba msaada.

Tunajua kwamba nyuma ya muhali wa wazazi wengi ipo khofu ya kweli. Mama anajua kwamba mwanawe ndiye anayeiba, na anajua kwamba anaiba kwa sababu ya dawa za kulevya. Anaogopa kwamba akimtaja atakuwa amemtupa. Kwa mama huyo tunasema: kunyamaza ndiko kunakomtupa. Tangu mwaka 2015 hospitali ya Kidongo Chekundu inatoa tiba ya methadone kwa waathirika wa heroini, na zipo nyumba za kuwarekebisha vijana ambazo zimewarudisha wengi katika maisha yao. Mwaka 2021 iliundwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ambayo kazi yake khasa ni kumtafuta muuzaji. Hata jela zetu hatuziiti jela. Tunaziita Vyuo vya Mafunzo, na jina hilo linaeleza nia ya Mapinduzi kwa mkosaji, ingawa nia hiyo nayo inahitaji kutiliwa nguvu kwa vitendo kila siku. Kijana anayetajwa mapema ana nafasi ya kutibiwa. Kijana anayefichwa hukutana mwisho na hasira za mtaa, na hapo mama hulia peke yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Basi nini kifanyike tokea leo? Kila mkaazi ajuane na majirani zake wa kulia, kushoto, mbele na nyuma, awe na namba zao za simu na wao wawe na zake. Kila mwenye nyumba ya kupangisha amjue mpangaji wake na amtambulishe kwa sheha, kwa heshima na bila ya kumsumbua. Kila mwenye kununua kitu cha thamani aweke risiti na aandike namba zake, kwani mali isiyotambulika hairudishwi. Panapotokea uvunjaji, vitu visiguswe mpaka polisi wafike, maana alama ya kidole husema kweli pale watu wanaponyamaza. Anayepiga simu polisi, namba 112, aseme ameona nini, wapi, saa ngapi na nani, bila ya kuongeza wala kupunguza. Anayemkamata mtuhumiwa amkabidhi polisi akiwa mzima. Na anayeitwa mahakamani, aende.

Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kulinda mtaa usiku mmoja kwa tochi na fimbo ni rahisi, na kuna sifa ndani yake. Kusimama kizimbani mchana, mbele ya mtoto wa rafiki yako, ukasema ulichokiona kwa macho yako, ni kazi ngumu isiyopigiwa makofi. Lakini hiyo ndiyo kazi ambayo hakuna askari anayeweza kuifanya kwa niaba yetu, kwa kuwa yeye hakuwepo, na sisi tulikuwepo.

Tunatoa mwito kwa wananchi wote wa Unguja na Pemba waubakishe muhali mahala pake, katika salamu, katika ujirani na katika kustahamiliana, na wauondoe katika njia ya haki. Tunatoa mwito kwa Jeshi la Polisi, kwa masheha na kwa mahakama wamfanye shahidi aone kwamba ujasiri wake haukupotea bure. Upande mmoja ukitimiza wajibu wake na wa pili ukalala, mwizi ndiye atakayeshukuru. Pande zote mbili zikiamka, atatafuta kazi nyengine ya kufanya, na visiwa hivi vina kazi nyingi za halali zinazomngojea.